Aksolotli umtandikie nini: kioo kitupu, vigae, mchanga au changarawe?

Mpwa wangu anayeishi Columbus, Ohio, amepata aksolotli, yule amfibia wa majini mwenye miguu minne na mkia. Alimtamani tangu mwaka 2021, mnyama huyu alipoingizwa kwenye mchezo wa kompyuta wa Minecraft na watoto wakaanza kumlilia kwa wazazi wao. Sasa ni msichana wa chuo, ana chumba chake na tangi lake la sentimita 90, na juzi akaniandikia: "Shikamoo mjomba. Maji yameshakaa sawa, kichujio kinafanya kazi. Chini niweke nini? Dukani wamenionyesha changarawe za samawati, zinapendeza kweli."

Nilimpigia simu papo hapo, maana changarawe za samawati ninazijua kwa uchungu. Hizo hizo ndizo nilizomwekea aksolotli wangu wa kwanza hapa Leeds, Uingereza, baada ya muuza duka kunihakikishia kwamba kila mtu anaweka hizo. Tulimwita Tope, kwa rangi yake. Miezi mitatu alikula vizuri. Mwezi wa nne akaanza kukataa nyungunyungu, akawa anaelea mkia juu kichwa chini, tumbo limejaa na choo hakuna. Daktari wa wanyama alimpiga eksirei, akatuonyesha vijiwe vitano vimejipanga tumboni kama punje za tasbihi. Kwa maelekezo yake tulimweka kwenye chombo ndani ya friji, maji yakiwa na nyuzi 6 hivi za Selsiasi, tukiyabadilisha kila siku. Viwili vikatoka. Vitatu havikutoka. Tope alikufa siku ya kumi na moja. Binti yangu alikuwa na miaka minane, na aliniuliza swali moja tu: "Baba, kwani nani alimpa mawe?"

Tangu hapo nimefuga wengine watatu, na wawili kati yao bado ninao. Nimewaweka juu ya kioo kitupu, juu ya vigae na juu ya mchanga, kila kimoja kwa muda wa kutosha kujua uzuri wake na kero zake. Haya ndiyo niliyomweleza mpwa wangu, nikiyaongezea yale ambayo simu haikuyatosha.

Mdomo ndio unaoamua

Aksolotli hatafuni. Meno yake ni madogo mno, na kazi yake ni kushika kitu kisiteleze, basi. Anakula kwa kufyonza: anafumbua kinywa ghafla, koo linatanuka, na maji yaliyo mbele yake yanavutwa ndani pamoja na chochote kilichomo. Macho yake ni dhaifu. Anawinda kwa harufu na kwa mstari wa hisia ulio ubavuni, unaomjulisha maji yanapotikisika. Kwa hiyo nyungunyungu akijinyonganyonga juu ya vijiwe, aksolotli hamchukui nyungunyungu peke yake. Anachukua alipolala pia. Waswahili husema mdomo uliponza kichwa. Kwa mnyama huyu, kinachoponzwa ni utumbo.

Kwao, jambo hili halikuwa na madhara. Asili yake ni maziwa ya Bonde la Mexico, na leo amebaki kwenye mifereji ya Xochimilco, kusini mwa Jiji la Mexico, katika mwinuko wa zaidi ya mita 2,200. Chini ya mifereji ile ni tope laini na mizizi ya mimea. Ni tope hilo hilo ambalo wakulima wa pale wamekuwa wakilichota na kulipandisha kwenye vishamba vyao vinavyoitwa chinampa tangu kabla ya Wahispania kufika. Aksolotli akifyonza tope pamoja na mnyoo, tope linapita. Hakukuwa na sababu ya yeye kujifunza kuchambua.

Wanaofugwa majumbani wametoka mbali na tope hilo. Wengi ni uzao wa kundi la aksolotli 34 waliosafirishwa kwenda Paris mwaka 1863, na wamezaliwa matangini kizazi baada ya kizazi. Kule porini hali ni ya kusikitisha: wataalamu waliohesabu Xochimilco walikadiria 6,000 kwa kila kilomita ya mraba mwaka 1998, na kufikia mwaka 2014 wakakadiria 36 tu. Lakini miaka yote hiyo ya kufugwa haikubadili namna anavyokula. Mdomo aliokuja nao Paris ndio alio nao kwenye tangi lako.

Basi unapochagua cha kutandika, swali la kwanza ni hili: kikiingia mdomoni, je, kitatoka? Kuna majibu mawili salama tu. Ama kiwe kidogo kiasi cha kupita utumbo wote bila kukwama, ama kiwe kikubwa kiasi cha kutoingia kabisa. Kila kilicho katikati ni hatari, na katikati hapo ndipo changarawe ilipo.

Changarawe: usiweke

Changarawe za dukani huwa na ukubwa wa milimita 2 hadi sentimita 2 au 3. Aksolotli mzima ana sentimita 20 hadi 30 na kinywa kipana kama kichwa chenyewe, kwa hiyo anazimeza bila taabu. Kutoka ndiyo shida. Kanuni ninayoifuata nyumbani kwangu: jiwe lililo dogo kuliko kichwa chake, lihesabu kama chakula.

Utakutana na wafugaji watakaokuambia kwamba aksolotli humeza vijiwe kwa makusudi, vimsaidie kusaga chakula au kutulia chini ya maji, na kwamba huvitema au kuvinya mwenyewe. Wala hawasemi uongo kuhusu walichokiona. Wapo wanaomeza na kutoa, tena kwa miaka. Tope mwenyewe alitoa viwili. Ila mimi siwezi kujua ni jiwe lipi litapita na lipi litakwama, na aksolotli hawezi kuniambia anaumwa mpaka aache kula. Faida wanayoitaja haijawahi kukosekana kwa wale wangu waliokaa bila kijiwe hata kimoja: wanakula, wanakunya, wanatulia chini kama kawaida.

Hata tukiuweka utumbo kando, changarawe ni sakafu mbovu. Kinyesi na mabaki ya chakula huzama katikati ya vijiwe, yanaoza huko usikokuona, na amonia inapanda. Amonia humchoma ngozi na yale matamvua anayopumulia, yaliyo nje kama manyoya, ambayo ni laini kuliko ngozi ya kope. Huhitaji kuniamini, vuta changarawe za tangi lolote la mwezi mmoja kwa mrija wa kufyonza, uangalie rangi ya maji yatakayotoka.

Zile za rangi zina doa la ziada, kwamba rangi huchubuka. Mpwa wangu alizirudisha zile za samawati siku hiyo hiyo.

Kioo kitupu

Hiki ndicho chaguo rahisi kuliko yote, na kwa aksolotli mdogo ndicho chaguo ninalolitetea kwanza. Kabla hajafika sentimita 15, utumbo wake ni mwembamba na pupa yake ni kubwa. Hata mchanga laini unaweza kumjaa. Mweke juu ya kioo kitupu mpaka akue. Hata Chuo Kikuu cha Kentucky, ambako tangu mwaka 2005 linatunzwa kundi kubwa la aksolotli wanaogawiwa watafiti, wanyama hao hukaa kwenye vyombo vitupu. Ni vyepesi kuosha, na kila kitu kinaonekana.

Kuonekana huko ndiyo faida ninayoithamini zaidi. Kwenye kioo unajua amekunya lini, kinyesi kikoje, na kipande kipi cha mnyoo kimebaki. Aksolotli anapoumwa ninamhamishia kwenye kioo kitupu siku hiyo hiyo, kwa sababu choo chake ndiyo habari yake.

Kasoro zake ni mbili. Ya kwanza ni utelezi. Aksolotli hutembea chini zaidi ya anavyoogelea, na vidole vyake havina cha kushika kwenye kioo. Utamwona anasukuma miguu bila kusonga, na mkondo wa kichujio ukiwa na nguvu anasogezwa kama karatasi. Akikaa hivyo miaka, anaishi kwa mahangaiko, nawe ukiwa na jicho la mfugaji utayatambua: anakaa kona moja tu, ncha za matamvua zimejikunja kwenda mbele. Ya pili ni mwanga. Aksolotli hana kope za kufumba, na kioo humrudishia mwanga kutoka chini. Hili lina dawa rahisi: kabla ya kujaza maji, weka karatasi nyeusi au kitambaa cheusi chini ya tangi, kwa nje. Utelezi nao hupungua wenyewe kidogo baada ya wiki kadhaa, utando mwembamba wa mwani unapoota kwenye kioo. Usiusugue utando huo wa chini. Ndio zulia lake.

Kuna jambo la kichujio pia. Bakteria wanaobadili amonia kuwa naitraiti, na naitraiti kuwa naitreti, hukaa juu ya kila kitu kilicho majini. Ukiondoa sakafu, umewapunguzia makazi, kwa hiyo kichujio kinabeba mzigo wote. Kiwe cha kutosha, na sponji yake isioshwe kwa maji ya bomba yenye klorini. Ioshe kwenye ndoo ya maji uliyoyatoa tangini.

Mchanga laini

Hapa ndipo nilipo mimi leo, kwa wale wawili wazima, na hapa ndipo watu wengi hukosea kwa sababu neno "mchanga" linabeba vitu vingi mno.

Mchanga unaofaa una punje ndogo kuliko milimita 1, zilizo mviringo, zisizo na rangi ya kupakwa. Mchanga wa kuchezea watoto unafaa na ni wa bei nafuu sana; mfuko wa kilo 15 unauzwa kwa pauni chache tu. Lakini una vumbi jingi, na mara nyingine umechanganyika na punje kubwa, kwa hiyo upitishe kwenye chekeche. Mchanga wa vichujio vya mabwawa ya kuogelea punje zake zinalingana zaidi, kwa kawaida kati ya milimita 0.4 na 0.8, na hauna vumbi sana. Ningekuwa naanza upya ningechukua huo, nilipe zaidi kidogo, nipumzishe mgongo.

Usiofaa ni huu: mchanga mkali wa ujenzi, ambao punje zake zina kona, ule mweusi wa kupigia chuma kutu, unaotokana na mabaki ya tanuri na ambao ni kama vioo vilivyosagwa, na mchanga wa ufukweni. Wa ufukweni nausemea makusudi, maana najua ndugu zangu wa pwani mchanga mweupe tunauona ni baraka ya bure. Mchanga ule mweupe wa kwetu kwa sehemu kubwa ni matumbawe na magamba ya konokono yaliyosagika. Una chumvi, una ncha, na unapandisha ugumu wa maji bila kukuuliza. Ukitaka kujua mchanga wowote una chokaa au hauna, chukua kijiko kimoja uumwagie siki. Ukitoa povu, uache.

Kipimo: tangi la sentimita 90 kwa 45, ukitandika kina cha sentimita 2, unahitaji lita 8 hivi za mchanga, ambazo ni kama kilo 13. Mfuko mmoja wa kilo 15 unatosha. Usizidishe kina. Mchanga ukizidi sentimita 3, hewa haifiki chini, bakteria wa kuozesha wanatawala, na wanatoa gesi ya salfaidi ya haidrojeni ambayo ni sumu. Utaijua kwa harufu ya yai viza unapochokoa mchanga. Ndiyo sababu kila wiki napitisha vidole au kijiti cha mbao kwenye mchanga wote, polepole, kona hadi kona. Inachukua dakika tatu.

Kuosha ndiyo kazi. Mimi huosha nusu ndoo kwa nusu ndoo, nje, kwa bomba la bustani, nakoroga kwa mkono, namwaga maji machafu, narudia. Mara kumi, mara kumi na tano, mpaka maji yatoke meupe. Loanisha mchanga kabla ya kuumimina, usivute vumbi lake kavu. Vumbi la silika ni baya kwa mapafu ya mtu. Hata ukiosha vizuri, maji ya tangi yatakuwa na ukungu kwa siku moja au mbili. Usimrudishe mnyama mpaka yatulie.

Unachokipata kwa taabu hiyo ni aksolotli anayetembea. Nilipomtoa wa kwanza kati ya hawa wawili kwenye kioo na kumweka juu ya mchanga, alisimama muda, akakanyaga mara mbili tatu kama mtu anayejaribu viatu, kisha akavuka tangi lote bila kuteleza. Hakurudi kukaa kona. Wale wa rangi ya asili hubadilika kidogo wakafanana na sakafu yao: juu ya mchanga mweusi wanakoza, juu ya mweupe wanapauka. Mchanga mweupe mno humrudishia mwanga kama kioo, kwa hiyo mimi nimechagua wa kahawia. Kinyesi nacho hukaa juu juu, hakizami. Nakifyonza kwa pipeti kubwa ya mpira jioni, au napitisha mrija kwa juu bila kugusa mchanga.

Je, anaumeza? Ndiyo, kila mara anapokula. Utauona kwenye kinyesi. Kwa mnyama mzima mwenye afya unapita. Kuupunguza, mlishe kwa koleo la plastiki, mnyoo umguse mdomo ukiwa umeinuliwa juu ya mchanga, au mzoeze kula kwenye kisahani. Wangu mmoja amezoea kisahani kiasi kwamba akiona kivuli changu anakwenda kusimama juu yake.

Kuna hatari moja kwa vifaa. Mchanga ukiingia kwenye pampu unasaga feni yake ndogo. Inua mdomo wa kuvutia maji sentimita 7 au zaidi juu ya mchanga, uuvishe sponji, na uzime pampu unapokoroga.

Vigae na mawe ya sleti

Kigae kinakupa karibu kila kitu cha kioo na nusu ya raha ya mchanga: hakimezeki, hakitelezi kikiwa na mparazo, na kinyesi kinaonekana. Nilikuwa na tangi la vigae kwa mwaka mmoja na nusu, na ningelibakiza kama si jambo moja nitakalolitaja.

Chagua kigae cha kauri kisicho na king'arishi upande wa juu, au jiwe la sleti lililokatwa bapa. Lile linalong'aa kama marumaru ya sebuleni linateleza sawa na kioo, na marumaru halisi ni chokaa, hivyo itapandisha ugumu wa maji. Sleti isiwe na michirizi ya madini yanayometameta kama shaba, maana hiyo inaweza kutoa chuma majini. Pitisha kiganja kwenye kingo zote; kikikukwaruza wewe, kitamchana yeye. Nilizilainisha zangu kwa msasa na maji.

Shida ni nafasi za kati. Vigae vya sentimita 30 kwa 30 haviingii sawasawa kwenye tangi la 90 kwa 45, kwa sababu unene wa kioo unakula nafasi, kwa hiyo lazima ukate. Ukiacha upenyo, uchafu unaingia chini ya kigae na kuoza huko, na hilo ndilo lililonichosha: kila mwezi nilikuwa nanyanyua vigae kumi na kukuta tope jeusi chini yake. Dawa ni kuvigandisha kwa silikoni ya matangi ya samaki. Isiwe ile ya bafuni, maana ya bafuni huwekwa dawa ya kuua kuvu, na dawa hiyo ni sumu kwa mnyama anayepumua kwa ngozi. Iache ikauke siku tatu kabla ya maji. Wengine hujaza nyufa kwa mchanga laini badala ya silikoni, na kwa aksolotli mkubwa sioni ubaya wake.

Ukishagandisha, umeamua. Tangi linakuwa zito, na siku ukitaka kubadili utavunja.

Mchanga na vigae, ukivishika mkono huu na huu

Kwa usalama wa tumbo, vigae vinashinda wazi. Mchanga ni salama kwa mzima; kigae ni salama kwa kila umri. Kwa raha ya mnyama, mchanga unashinda, na kwangu hili lina uzito, kwa sababu aksolotli anaishi miaka 10 hadi 15 na karibu yote anaipitisha akiwa amelalia kitu hicho.

Kwa usafi inategemea tabia yako kuliko kitandiko chenyewe. Mwenye dakika tano kila jioni atafurahia mchanga. Anayesafiri, anayefanya kazi za zamu, au anayemwachia mtu mwingine tangi mara kwa mara, aende kwenye vigae vilivyogandishwa, kwa sababu mtu mgeni hatakumbuka kukoroga mchanga na yai viza litamfikia mnyama kabla halijamfikia yeye. Mimi nilikuwa nafanya zamu za usiku enzi za vigae. Nilipoacha, nikahamia mchanga.

Kwa gharama, mchanga ni rahisi mara kadhaa, hasa ukihesabu silikoni na ukataji. Kwa mimea hakuna tofauti kubwa: aksolotli hung'oa kila ulichokipanda kwenye mchanga wa sentimita 2, kwa hiyo anubia na jimbi la Java zifunge kwenye gogo au jiwe kubwa kwa uzi, zote mbili zinakubali mwanga hafifu anaoupenda.

Vingine utakavyotajiwa dukani

Mawe makubwa ya mtoni, laini na makubwa kuliko kichwa chake, hayamezeki, lakini kuyatandaza chini kote ni kutengeneza mitego ya kinyesi. Mawili matatu ya pambo yanatosha. Udongo maalumu wa matangi ya mimea, ule wa vijidonge, uache kabisa: ukubwa wake ni wa kumezeka na mwingi hutoa amonia wiki za mwanzo. Matandiko ya nyuzi yanashika uchafu na vidole. Konokono wadogo wa kukoroga mchanga watakaosifiwa kwako ni chakula chake, na gamba lao ni kijiwe kingine tumboni.

Na usiruhusu kitandiko kikusahaulishe joto. Maji yake yawe nyuzi 16 hadi 18, na yakipita 24 anaingia hatarini hata ukimtandikia hariri. Kwa msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa, ambako maji ya ndani ya nyumba hayashuki hapo kwa hiari yake, mashine ya kupoza maji inakuja kwanza, mchanga baadaye.

Kama changarawe tayari zimo

Wengi wanaosoma ulinganisho kama huu wanausoma tangi likiwa limeshajazwa. Usizitoe zote siku moja ukamwacha mnyama humo humo. Bakteria wengi wako kwenye zile changarawe, na ukizikoroga uchafu wote uliozama unapanda majini kwa mpigo.

Kama una chombo cha akiba, njia bora ni kumhamisha. Boksi la plastiki la lita 40 linatosha kwa siku chache, maji yakiwa yametolewa klorini na yakibadilishwa kila siku. Toa changarawe, vuta mashapo, weka mchanga uliooshwa, rudisha nusu ya maji ya zamani yaliyo safi, acha kichujio kile kile kifanye kazi bila kuguswa. Jaza kiasi cha changarawe kwenye soksi safi, ifunge, iache tangini wiki mbili ili bakteria wahamie. Soksi anaweza kuilalia, hawezi kuimeza.

Kama huna chombo, toa robo ya changarawe kila wiki, ukianzia upande anaokula, na umlishe kwa koleo kwenye sehemu iliyo tupu tu. Pima amonia na naitraiti kila siku mbili. Zote mbili zinatakiwa ziwe sifuri. Zikionekana, badilisha robo ya maji na usubiri kabla ya kuendelea.

Ukimwona amekataa kula siku tatu nne, tumbo limejaa, anaelea, na hujaona choo, usimbonyeze tumbo wala usimpe dawa ya kienyeji ya kuharisha. Mpeleke kwa daktari anayejua amfibia, na umwambie wazi kwamba tangini kulikuwa na mawe. Mimi nilichelewa siku tisa kwa kudhani amechoka tu na aina moja ya chakula.

Aksolotli wa mpwa wangu ana sentimita 9. Tumekubaliana kioo kitupu, karatasi nyeusi chini kwa nje, na kipande kimoja cha sleti upande wa mbali na pampu ili apate pa kusimama. Mchanga wa bwawa ameshaununua, uko kwenye ndoo kabatini. Kila Jumapili ananitumia picha akiwa amemlaza pembeni mwa rula iliyobandikwa kwenye kioo, na siku atakapofika 15 nitakaa naye kwenye simu wakati anauosha.